Kati ya Kukamatwa na Kuteketezwa

Mwezi Mei mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwasimamisha kazi maofisa 27 wa taasisi kadhaa za umma, wakiwamo wa shirika la viwango na wa mamlaka ya mapato, kwa ajili ya sukari. Sukari hiyo, takriban magunia 20,000, ilikuwa imeingizwa nchini mwaka 2018, ikazuiliwa, ikatangazwa kuwa haifai kuliwa na binadamu, na baadaye ikapangiwa kugeuzwa kuwa spiriti ya viwandani. Haikugeuzwa. Iliendelea kukaa ghalani mpaka ilipotolewa kinyume cha utaratibu, na wananchi wakaachwa wakijiuliza kama sukari wanayokoroga kwenye chai ya watoto wao ndiyo hiyo iliyokwisha kuhukumiwa.

Wengi walioandika kuhusu mkasa huo waliandika kuhusu rushwa, na walistahili kufanya hivyo. Mimi kilichonikaa moyoni ni ile miaka mitano. Chakula kikishazuiliwa na kuonekana hakifai, kwa nini kiendelee kuwapo? Nimefanya kazi katika biashara ya nafaka ya kanda ya kati ya Tanzania, sokoni Kibaigwa na katika maghala ya jirani, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeshuhudia mizigo ikizuiliwa kwa sababu halali kabisa. Ninaloamini ni kwamba siku ya ukaguzi, yenye kamera na viongozi, ndiyo siku salama kuliko zote. Hatari huanza viongozi wakishaondoka, katika kipindi kile ambacho mzigo si wa mwenyewe tena na bado haujawa majivu. Nitalieleza jambo hili kwa kutumia mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo ninayoyajua, na kwa sababu ndiyo yaliyoua watu wetu.

Sumu inayohusika ni aflatoksini, ambayo maofisa wetu na redio zetu huiita sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, ambao huishi udongoni na kuishambulia punje ikiwa bado shambani, hususan katika mwaka wa ukame, mmea unapodhoofika na wadudu wanapoitoboa punje. Kisha huongezeka ghalani ikiwa mahindi yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Wanasayansi waliifikia sumu hii baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mtu akiila kwa wingi, ini lake huharibika na anaweza kufa katika muda mfupi. Akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, humletea saratani ya ini. Haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na kusonga ugali hakuiondoi, kwa kuwa huanza kuvunjika katika joto linalozidi nyuzi 200, ilhali maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 100.

Mwaka 1981 watu 20 walilazwa hospitalini huko Machakos, nchini Kenya, kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 balaa lilirudi eneo lile lile na kwa ukubwa mwingine kabisa: Makueni, Kitui, Machakos na Thika walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 wakapoteza maisha. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na watu, kwa kuogopa wezi, walivuna mapema na kuyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba walimolala, mahali penye joto na pasipo hewa ya kutosha. Wataalamu walipokwenda sokoni kuchukua sampuli 350 za mahindi na mazao yake, walikuta asilimia 55 zimevuka kiwango kilichokuwa kikiruhusiwa wakati huo, yaani mikrogramu 20 kwa kilo (mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu), na asilimia 7 zimevuka mikrogramu 1,000. Kwetu Tanzania zamu ilifika mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako Chemba, Kondoa na Kiteto zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Uchunguzi uliofuata ulihesabu wagonjwa 68 na vifo 20. Macho ya watoto yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, na kwa muda hapakuwa na aliyejua ni ugonjwa gani.

Ninayataja haya kwanza kwa sababu kila mzigo unapokamatwa husikika sauti ya watu wenye uchungu, wakiuliza ni vipi Serikali inaharibu chakula katika nchi yenye njaa. Swali hilo ni la haki na sitalipuuza. Ila aliyeona jinsi ini la mtoto wa miaka sita linavyoshindwa hawezi kusema kwamba mahindi mabaya ni nafuu kuliko kukosa mahindi.

Kiwango kinachotumika sasa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi, na kati ya hizo aina ya B1, ambayo ndiyo kali zaidi, isizidi 5. Piga hesabu kwa lori la tani 30: kiasi kinachoruhusiwa katika mzigo mzima hakifiki hata nusu gramu, ni pungufu ya chumvi unayobana kwa vidole viwili ukionja mchuzi. Hapo ndipo inapoonekana kazi ya mpimaji ilivyo ngumu. Sumu haikujigawa sawasawa ndani ya gunia. Punje mia kadhaa zinaweza kuwa safi na punje moja iliyokaa katikati yake ikawa na sumu ya kuchafua debe zima.

Kifaa cha kwanza cha kazi hiyo ni bambo. Msomaji ambaye hajafika soko la mazao alifikirie bomba fupi la chuma, lenye ncha kali mbele na mfereji ubavuni. Mpimaji hulisukuma kwenye gunia kwa pembe ya kuelekea juu, analigeuza kiganjani, na punje zinateremka kupitia mfereji hadi kwenye mkono wake au kwenye ndoo. Akilichomoa, huisugua ile tundu kwa bapa la bambo ili nyuzi za gunia zirudiane na mahindi yasiendelee kumwagika. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa akizinusa punje, kuzivunja kwa meno na kuzitikisa sikioni kusikia kama zimekauka, na kwa unyevu alikuwa hakosei sana. Lakini alikuwa wa kwanza kutuambia sisi vijana kwamba sumukuvu haimjui mwenye pua wala mwenye meno. Ukungu wa kijani ukionekana ni dalili mbaya. Usipoonekana si dalili ya usalama.

Sasa lori limefika likiwa limepangwa magunia mpaka juu ya kingo zake. Mpimaji mwenye haraka huchoma yale ya pembeni na ya nyuma, yanayofikika akiwa amesimama chini. Mpimaji wa kweli huagiza lori lishushwe, jambo ambalo ni gharama ya makuli na ni saa kadhaa, au angalau lipunguzwe tabaka kwa tabaka, akachukua kidogo kidogo kutoka magunia mengi, akachanganya vizuri, akagawa, akasaga sehemu yake yote ndipo akapima. Nimewahi kuona lori moja likitoa majibu mawili yaliyoachana sana, asubuhi chini ya kiwango na mchana mara kadhaa juu yake, na hakuna aliyedanganya. Tofauti ilikuwa namna ya kuchukua sampuli tu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mwenye mali apewe sehemu ya sampuli ile ile, ikiwa imefungwa na kutiwa lakiri mbele yake, ili aweze kuipeleka maabara nyingine. Mtu akijua amepimwa kwa haki, hata hukumu ikiwa chungu ataipokea. Akijua amechomewa magunia matatu ya pembeni kisha akanyimwa mtaji wake wote, atatafuta njia ya panya msimu ujao, na atawafundisha wenzake.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa maelezo kwamba yalikuwa na sumukuvu iliyozidi kiwango. Malori yalipanga foleni Namanga, mengine yakiwa yamekwisha kulipiwa kila kitu. Katika siku chache zilizofuata marufuku hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa masharti: mwingizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ijulikane mahindi yalivunwa wapi. Nchini kwetu mjadala ulichukuliwa kama ugomvi wa majirani. Wanasiasa walisema tunaonewa, wafanyabiashara walihesabu hasara, na wachache sana waliuliza swali lililonikera mimi wiki ile nzima: lori ambalo kweli limezidi kiwango na likageuzwa mpakani, mahindi yake yanakwenda wapi?

Jibu ninalijua kwa sababu nimeishi sokoni. Mahindi hayo hayafi. Dereva anampigia simu tajiri wake, tajiri anampigia dalali, na dalali anatafuta mji ambao hakuna anayepima. Bei inashuka kidogo, mzigo unagawanywa, nusu unachanganywa na mahindi mazuri ili wastani ushuke, jambo ambalo kanuni za usalama wa chakula hulikataa, na nusu unaingia kwenye mashine za kusaga mitaani kwa debe. Yaliyo mabaya waziwazi huuzwa kwa wapika pombe ya kienyeji, au kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Hata mahindi yanayokobolewa kwa ajili ya sembe huacha sehemu kubwa ya sumu kwenye pumba, na pumba ndizo chakula cha ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akizila, sumu hugeuzwa mwilini mwake kuwa aina nyingine inayoitwa M1 na kutoka kwenye maziwa. Mama anayemnyima mtoto wake uji wa dona kwa kuogopa sumukuvu, akampa maziwa badala yake, anaweza kuwa amekutana na mzigo ule ule uliogeuzwa mpakani. Kwa hiyo ninaposikia taarifa ya habari ikisema malori kadhaa yamerudishwa yalikotoka, sifurahi. Kurudisha mzigo kunalinda walaji wa upande mmoja wa mpaka kwa gharama ya walaji wa upande wa pili, ambao mara nyingi ndio maskini zaidi.

Basi tuchukulie kwamba Serikali haikuurudisha mzigo, imeukamata na kuamuru uteketezwe. Hapa pia sharti niseme nilichokiona.

Katika mji mmoja wa kanda ya kati, ambao sitautaja, shehena ya mahindi iliyokuwa imezuiliwa ghalani kwa miezi ilipelekwa dampo la nje ya mji. Niliambatana nayo kwa sababu ghala tulilokuwa tukilisimamia ndilo lililokuwa likiihifadhi, na nilitakiwa kutia sahihi ya idadi. Bwana afya alikuwapo, askari wawili walikuwapo, na mwakilishi wa mwenye mali alikuwa amesimama pembeni akiwa amefunga mikono kifuani. Vibarua walichana magunia kwa visu na kuyamwaga ndani ya shimo lililochimbwa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia udongo. Dizeli ilimwagwa juu, moto ukawashwa, picha zikapigwa, na baada ya muda msafara wa viongozi ukaondoka. Mtu ambaye hajawahi kuchoma mahindi mengi kwa pamoja hajui kwamba hayaungui kirahisi. Yaliyo juu huwa mkaa, moshi mzito hupanda, na mkaa ule ndio unaoyafunika na kuyakinga yaliyo chini. Nilisukuma fimbo kwenye lundo na chini kidogo tu ya weusi nikakuta punje za rangi ya maziwa, zina uvuguvugu, hazina hata alama. Fedha ya dizeli ilikuwa imekwisha. Kijiko kilikuwa na kazi kwingine, hivyo shimo lingefukiwa kesho.

Ng'ambo ya uzio wa matawi walikuwa wamekaa kinamama na vijana wenye ndoo na viroba. Hawakupiga kelele wala kumtukana mtu. Walikuwa wanangoja tu. Mmoja wa askari aliwaambia kwa upole, "Mama zangu, haya ni sumu, yataua watoto." Mama mmoja mtu mzima akamjibu, "Mwanangu, tumesikia. Na wewe ukifika kwako leo utakula." Asubuhi iliyofuata kijiko kilipofika, upande mmoja wa shimo ulikuwa umechimbuliwa. Kwenye karatasi tuliyotia sahihi, shehena yote ilikuwa imeteketezwa.

Sikuandika haya ili kuwalaumu wale kinamama, na bwana afya yule simlaumu pia, kwa kuwa alifanya alichoweza kwa fungu alilopewa. Nimeyaandika kwa sababu nchi zetu zina sheria nzuri za kukamata na kuhukumu chakula kibovu, lakini kazi ya kukiondoa duniani imeachwa iwe jambo la dharura, la kukopa kijiko na kuchangishana dizeli. Kwa kawaida gharama za uteketezaji hutupiwa mwenye mali. Kwa mfanyabiashara mkubwa aliyeingiza mzigo mbovu kwa kujua hilo ni sawa kabisa, na ninaliunga mkono bila kusita. Lakini mfanyabiashara mdogo ambaye mtaji wake wote uko kwenye yale magunia atalipa kwa fedha gani? Hatalipa. Mzigo utakaa. Kufuli litafunguliwa na kufungwa, mlinzi atabadilishwa, panya watakula, mtu atapita usiku akiomba magunia kumi, na kadiri miezi inavyokwenda ndivyo idadi inavyozidi kuwa ya kukisia. Ile sukari ya Kenya ilikaa miaka mitano; mahindi ninayoyazungumzia yalikaa miezi tu, na tayari hesabu ya kuingia na ya kutoka haikulingana.

Kuna dawa rahisi ambayo sielewi kwa nini haitumiki kila mahali. Chakula kikishahukumiwa, na muda wa rufaa ukishapita, kitiwe rangi papo hapo, kabla hakijasogezwa hatua moja kutoka kilipo. Rangi ya bluu au ya zambarau isiyotoka kwa kuosha, ikichanganywa kwenye mahindi kwa koleo, hufanya kila punje ijitangaze yenyewe sokoni na mashineni. Watoa mbegu hufanya hivyo siku zote kwa mbegu zilizotiwa dawa, ili mtu asizile, na kila mkulima anazijua. Mahindi ya zambarau hata mlinzi mwenye njaa hana mahali pa kuyauza. Baada ya hapo ndipo yatafutiwe moto wa kweli. Viwanda vya saruji vipo Tanga, Mbeya, Mtwara na Dar es Salaam, kama vilivyopo Athi River kwa wenzetu, na tanuri zake hupita nyuzi 1,400, joto ambalo halibakishi sumu wala punje. Makubaliano ya kudumu kati ya Serikali na viwanda hivyo yangetuondolea aibu ya kumwaga dizeli juu ya lundo na kuliita majivu.

Hata hivyo, rangi na tanuri vinatatua tatizo la ghalani na la mpakani. Havimgusi mtu ambaye mahindi yake mabaya yako kihengeni, ndani ya nyumba, na ndiyo chakula chake cha mwaka. Na waliokufa mwaka 2004 na mwaka 2016 wengi wao hawakuuziwa sumu na mfanyabiashara yeyote. Walikula walichokivuna wenyewe.

Katika kijiji kimoja cha upande wetu, wakati wa hofu ya sumukuvu, maofisa walipita nyumba hadi nyumba wakipima na kuchukua mahindi yaliyozidi kiwango. Nilikuwa nimeombwa niwasaidie kuchukua sampuli kwa kuwa nilikuwa na bambo na mkono wa kazi. Mama mmoja aliyekuwa akilea wajukuu alitufungulia kihenge chake bila ubishi, mahindi yakapimwa, yakaonekana mabaya sana, yakapakiwa yote. Ofisa aliyekuwa kijana mwenye adabu alimwandikia hati ya kuchukuliwa mali, akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo tena mama, pole sana, hii uitunze." Mama akaigeuza ile karatasi upande wa pili, uliokuwa mtupu. "Marahaba baba. Sasa hii nitaisonga na maji ya namna gani?" Nyumba ya tatu kutoka hapo tulikuta kihenge kitupu kimefagiliwa, na nyuma ya choo udongo mbichi uliotoka kuchimbwa. Habari ilikuwa imetutangulia. Mahindi yalikuwa yamefukiwa kwenye viroba, yasubiri sisi tuondoke, na humo ardhini yalikuwa yanazidi kupata unyevu ambao kuvu huutaka.

Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilipeleka mahindi ya kubadilisha katika maeneo yaliyoathirika, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa lisomwe na kila mtendaji mwenye mamlaka ya kukamata chakula. Debe kwa debe: toa baya, pokea zuri. Utaratibu wa namna hiyo ukifanywa siku hiyo hiyo, kwa gari lile lile linaloondoa mahindi mabaya, watu watayaleta wenyewe, hata yale ambayo hakuna mpimaji angeyafikia. Tanzania ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wenye maghala yake katika kanda mbalimbali, Dodoma ikiwamo. Akiba ile huwekwa kwa ajili ya njaa, na kaya iliyochukuliwa mahindi yake yote asubuhi ina njaa kufikia jioni. Sioni tofauti ya kisheria wala ya kibinadamu kati yake na kaya iliyokosa mvua.

Najua kuna watakaosema kwamba fidia itawafanya watu wazembee kukausha mahindi yao, kwa kujua kwamba watabadilishiwa. Nimeifikiria hoja hii kwa muda mrefu, kwa sababu inatolewa na watu ninaowaheshimu, na siikubali. Hakuna mkulima anayelima msimu mzima, akapalilia kwa jembe la mkono na kufukuza ndege, ili mwisho akabidhi mavuno yake kwa bwana afya. Kinachomfanya aweke mahindi yenye unyevu ni kukosa turubai la kuanikia, ni mvua iliyowahi, ni hofu ya wizi, na ni kutokuwa na kipimo cha kumwambia kama amefikia ile asilimia 13.5 ya unyevu ambayo viwango vinaitaka. Zipo kinga, na baadhi ni nzuri: Aflasafe, ambayo hutawanya shambani kuvu wasio na sumu ili wawazidi nguvu wale wenye sumu, na ambayo ilisajiliwa nchini mwaka 2018, mifuko isiyopitisha hewa, uchambuaji wa punje mbovu kwa mkono kabla ya kusaga. Mradi wa Serikali wa kudhibiti sumukuvu umejenga maghala na kufundisha watu katika wilaya kadhaa. Ninauombea mema. Lakini kinga ni habari ya msimu ujao, na ukamataji ni habari ya leo.

Suala la mwisho ni la taarifa. Mwaka 2010, baada ya mvua nzuri, takriban magunia milioni 2.3 ya mahindi ya upande wa mashariki na pwani ya Kenya yalitajwa kuwa hayafai kwa sababu ya sumukuvu. Kiasi kama hicho hakiwezi kufichika, na mwananchi ana haki ya kuelezwa kilikoishia, gunia kwa gunia. Ninapendekeza kitu chepesi kabisa kwetu: kila mzigo unaokamatwa upewe namba, na namba hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na kata, ikiwa na uzito, majibu ya kipimo, mahali ulipohifadhiwa, na tarehe ya mwisho ya kuuteketeza. Tarehe ikipita na mzigo ungali ghalani, mtendaji aulizwe kwenye kikao cha baraza la madiwani, palepale, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Siku ya kuteketeza, uzito wa mzigo upimwe tena kwenye mizani ya barabarani mbele ya mwenye mali na wajumbe wawili wa mtaa, na tofauti ielezwe. Mizani tunayo tayari, wajumbe tunao, mbao tunazo. Hakuna mkopo wa nje unaohitajika.

Mahindi mapya ya Kongwa, Kiteto na Chemba huanza kuingia sokoni kwa wingi kuanzia mwezi Mei na Juni, na maduka ya pembejeo hayakosi rangi. Mimi nimekwisha kumwandikia diwani wetu barua yenye mapendekezo haya manne, yaani rangi, tanuri, debe kwa debe na namba ya mzigo, na nimemwomba ayapeleke kwenye kikao cha bajeti kabla fungu la mwaka halijafungwa. Msomaji mwenye diwani wake anaweza kuichukua barua hiyo kama ilivyo. Nitamtumia yeyote atakayeniomba.